Kifuu cha Bamvua

Kengele ya mwisho ya shule ilipolia, wenzake Torika walitawanyika kwenda makwao, yeye akashika njia ya kiwandani. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu hadi Ijumaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mchana nyumbani kwao hakukuwa na mtu. Mama yake alifanya kazi katika hoteli ya kisiwani, akirudi mara moja kwa mwezi. Aliyemlea ni babu yake, mzee Kaminieli, ambaye Torika alimwita Tutua.

Alivuka reli ya kubebea miwa, akapita nyuma ya soko la mji wa Lautoka, akaingia kwa mlango wa uani wa kiwanda cha kufulia. Kiwanda kile kilifua mashuka na taulo za hoteli tatu, asubuhi mpaka jioni, na joto lake si la kusimuliwa. Torika hakuruhusiwa kupita chumba cha chai. Huko alitandaza hesabu zake mezani, na chini ya sahani iliyofunikwa akakuta chapati mbili na viazi vya bizari. Hizo ziliwekwa na Anti Ashika, mama mfupi mwenye maneno mengi, msimamizi wa kusuuza na kupiga pasi.

"Kula, binti," Anti Ashika alikuwa akimwambia. "Hesabu haziingii kwenye tumbo tupu."

Kutoka chumba cha chai, kupitia dirisha la vioo, Torika alimwona babu yake akifanya kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na sita: kuzipa mashine dawa ya kufulia. Mzee Kaminieli hakupima dawa kwa kijiko wala kikombe. Alipima kwa kifuu cha nazi kilichopigiliwa mpini wa mti, kikubwa, cheusi kwa uzee.

Watu wa kwao wanapoketi kunywa yangona, ile mizizi inayopondwa na kuchujwa kwa maji, mgawaji humwuliza kila mtu: bamvua au maji kupwa? Bamvua ni kifuu kilichojaa mpaka mdomoni, kama bahari ilivyojaa ikapita kiasi. Maji kupwa ni nusu, pengine chini ya nusu. Wafanyakazi wa pale walileta utani huo mpaka kwenye mashine. Mashine kubwa kuliko zote waliibandika jina Ratu, kwa kuwa Ratu ni chifu, na chifu hunywa kwanza.

"Mzee, Ratu ana kiu!" alipaza sauti Sevuloni, kijana mpakiaji mwenye mabega ya mcheza raga.

"Bamvua!" akajibu mzee Kaminieli, akachota, akamimina kifuu kizima. Wote wakapiga makofi matatu ya viganja vilivyokunjwa, po, po, po, kama kikaoni. Kazi ikaendelea.

"Tutua, siku moja umpe maji kupwa uone," Torika alimtania wakati mmoja.

"Nani? Ratu? Ashakum! Maji kupwa humpa mtu uliyemchoka. Mimi mgeni wangu simpimii kwa jicho la uchoyo."

Basi siku moja mwanzoni mwa muhula, meneja wa kiwanda, Bwana Pillay, alishuka kutoka ofisini kwake juu akiwa na mapipa mapya ya dawa, jagi la plastiki lenye mistari, glavu ndefu za mpira, na karatasi yenye vyumba vyumba.

"Mzee," alisema, "hii dawa si ile ya zamani. Ni kali zaidi ya mara mbili. Kila mzigo mmoja wa mashuka, mililita mia moja na hamsini. Usizidishe. Pima kwa jagi, vaa glavu, na kila mzigo uandikwe kwenye karatasi hii."

"Nimesikia, bosi."

Kusikia alisikia. Ila kusikia ni kimoja na kutii ni kingine. Bwana Pillay alipopanda ngazi, jagi lilitundikwa msumarini pamoja na glavu, na kifuu kikarudi kazini.

Ikabaki karatasi. Macho ya mzee hayakupenda maandishi madogo, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Alimletea Torika karatasi ile chumba cha chai.

"Niandikie, mjukuu wangu. Wewe una mkono mzuri."

"Niandike ngapi?"

"Mia moja na hamsini. Si ndiyo anayoitaka?"

"Lakini Tutua, hujapima."

"Kifuu kimekuwa kikipima tangu mama yako akiwa mtoto wa shule. Andika, mama, maji ya chai yanapoa."

Torika akaandika: 150, 150, 150. Siku ya kwanza mkono ulisita. Siku ya tatu haukusita. Wiki ya pili akagundua kwamba kama namba ni ileile kila siku, hakuna haja ya kungoja mizigo ifuliwe. Kulikuwa na mazoezi ya netiboli, naye alitaka kuwahi. Jumatatu moja alijaza karatasi ya wiki nzima mpaka Ijumaa, mizigo sita kila siku, kwa mwandiko wa kupendeza, akaitundika mahali pake, na kila Jumatatu iliyofuata akafanya vilevile.

Wiki ya nne chapati zilikoma. Torika aliinua sahani akakuta vipande vya mkate wa dukani vilivyopakwa siagi.

"Leo tuvumiliane, binti," alisema Anti Ashika. "Vidole vimekataa kukanda."

Akamwonyesha. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imepasuka na kubanduka, nyekundu chini yake. Huyu ndiye aliyeshika mashuka mabichi kutwa, akiyatoa kwenye maji na kuyatandaza kwenye rola la pasi. Chumvi ya kukandia unga ikigusa mipasuko ile, alisema, machozi yanamtoka.

"Umejichoma na pasi?"

"Pasi ninaijua. Hii siijui."

Torika alitazama vidole vile, kisha akatazama mkate. Moyoni lilimpitia jambo, akaliacha lipite.

Halikupita mbali. Jumatano iliyofuata hoteli moja ilirudisha furushi la mashuka. Mashuka yale yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na mengine ukiyavuta kidogo tu yanachanika kama karatasi. Tena mgeni mmoja wa hoteli alikuwa ameamka na vipele mgongoni. Bwana Pillay alimwita Anti Ashika palepale nje ya chumba cha chai, na Torika akasikia kila neno.

"Hili shuka lina dawa ambayo haikutolewa," alisema Bwana Pillay. "Nimepitia karatasi za dawa za mwezi mzima. Ziko safi kabisa. Mia na hamsini kila mzigo, haijazidi hata mara moja. Kwa hiyo dawa si nyingi. Kasoro iko kwenye suuza."

"Mimi nasuuza maji matatu, Bwana. Sijawahi kupunguza."

"Ungekuwa unasuuza maji matatu, hii ingetoka wapi?"

"Sijui, Bwana. Mimi najua maji yangu ni matatu. Mungu ananiona."

"Mungu anakuona, lakini karatasi mimi ndiye ninayeiona. Ijumaa saa kumi uje ofisini. Nisipopata maelezo mengine, nitalazimika kukuachisha kazi. Hoteli ile ikituacha, tutaachishwa sote."

Anti Ashika alisimama na vidole vyake vilivyopasuka, akavificha kwenye aproni kana kwamba ndivyo vyenye makosa. Alikuwa na wana wawili shuleni na mume mgonjwa wa figo. Torika aliyajua hayo, maana alikuwa ameyasikia juu ya chapati zilezile.

Njiani kurudi nyumbani Torika alimshika babu yake mkono.

"Tutua, zile namba ni za uongo. Anti Ashika anafukuzwa kwa ajili ya zile namba."

Mzee Kaminieli aliuchomoa mkono wake.

"Kifuu hakijamdhuru mtu miaka ishirini na sita," alisema.

"Dawa si ileile."

"Na wewe si mkemia. Mambo ya wakubwa waachie wakubwa. Ashika ana ulimi, atajitetea."

Alisema kwa ukali, lakini jioni ile hakumaliza muhogo wake wala samaki, na Torika alimwona akiigeuza mikono yake na kuitazama. Wazee husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa ugonjwa ulikuwa umefichwa na watu wawili, na aliyekuwa akiumbuka ni wa tatu.

Ijumaa saa kumi Torika alikuwa chini ya ngazi. Hakupanda kwa ushujaa. Mara mbili aligeuka akitaka kurudi. Juu, mlango ulikuwa wazi. Anti Ashika alikuwa amesimama. Mzee Kaminieli alikuwa ameketi pembeni, ameitwa kama mfanyakazi wa siku nyingi. Bwana Pillay alikuwa na barua ya kuachisha kazi mbele yake na kalamu mkononi.

"Wewe mtoto unatafuta nini huku?" aliuliza Bwana Pillay.

"Bwana, zile karatasi niliandika mimi. Zile namba. Hakuna aliyepima."

"Torika!" babu yake alisema kwa sauti ndogo.

Bwana Pillay aliweka kalamu. Alimtazama Torika, akamtazama Anti Ashika, kisha akatikisa kichwa.

"Naelewa. Huyu ndiye anayekupa chapati kila siku, unataka kumwokoa. Moyo wako mzuri, lakini uongo hata wa huruma ni uongo. Nenda chini."

Hilo Torika hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kupigiwa kelele, hakujiandaa kutoaminiwa. Masikio yalimwaka. Akatazama ukutani, karatasi za mwezi zilivyotundikwa kwenye msumari mmoja, akaziendea, akazifunua mpaka ya wiki iliyopita.

"Tafadhali Bwana, tazama Alhamisi."

"Alhamisi ina nini? Mizigo sita, mia na hamsini, mia na hamsini..."

"Alhamisi maji ya mji yalikatika. Mashine hazikuwashwa. Mlirudi nyumbani saa nne, hata Sevuloni alikuja kucheza raga uwanjani kwetu shuleni."

Bwana Pillay aliisoma ile karatasi tena, kidole chake kikishuka chumba kwa chumba. Siku ambayo hakuna hata leso iliyofuliwa, karatasi ilisema mizigo sita imefuliwa, na kwa kipimo sahihi kabisa.

"Niliijaza Jumatatu," alisema Torika, akaanza kulia. "Wiki nzima. Nilitaka kuwahi netiboli."

Bwana Pillay hakumkemea. Alimgeukia mzee Kaminieli.

"Mzee, unapima kwa nini?"

Mzee aliinuka. Walishuka wote, Torika akasimama mlangoni mwa chumba cha dawa, asipite. Bwana Pillay aliangua jagi lile msumarini, jipya kama lilivyotoka dukani, akamwomba mzee achote maji ya bomba kwa kifuu, kama anavyomchotea Ratu. Mzee alichota. Hata hapo mkono wake haukujua kupunguza, akajaza mpaka mdomoni. Maji yakamiminwa kwenye jagi. Yakaupita mstari wa mia na hamsini, yakaupita wa mia tatu, yakatulia karibu na mia nne.

"Mia tatu na themanini," Bwana Pillay alisoma.

"Loo!" alisema Sevuloni nyuma yao. Hakuna aliyepiga makofi.

"Dawa ya kiasi hicho hata maji matatu hayaitoi," alisema Bwana Pillay. "Wala maji matano."

Mzee Kaminieli aliketi juu ya kreti. Akamwita Anti Ashika, akamwomba amwonyeshe mikono. Alikuwa amefanya naye kazi karibu miaka kumi na alikuwa hajawahi kuiangalia. Sasa aliiangalia kwa muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyefanya hivi," alisema. "Si wewe. Na huyu mtoto nilimtia mimi kwenye dhambi hii. Ile barua iandikwe jina langu."

"Siandiki barua ya mtu yeyote," alisema Bwana Pillay, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Na mimi nina kosa langu. Mwezi mzima nimekaa juu nikisoma karatasi nzuri, sikushuka hata siku moja kutazama jagi liko wapi. Ashika, nisamehe. Kesho utakwenda kliniki kwa gari la kiwanda, na mashuka hutayagusa mpaka mikono ipone."

Jumamosi mzee Kaminieli alivaa shati lake la kanisani, akafunga shada la mizizi ya yangona, akamchukua Torika wakaenda nyumbani kwa Anti Ashika. Huko kwao ukimkosea mtu hivyo, humwombi radhi kwa kupita njiani. Mzee alikaa chini kwenye mkeka, akaliweka shada mbele, akasema kosa lake lote bila kulipunguza. Kisha akamgusa mjukuu wake bega. Torika akasema lake. Lilikuwa fupi kuliko la babu yake lakini lilimchukua muda mrefu zaidi.

Anti Ashika alilipokea shada kwa mikono iliyofungwa bandeji.

"Mzee, nimekusamehe. Na wewe binti, nimekusamehe. Vidole ndivyo bado," alisema. Halafu akacheka kidogo. "Kwa hiyo chai atapika Torika."

Mambo kiwandani yalibadilika, ingawa si kwa siku moja. Mzee alinunuliwa miwani. Alivaa glavu huku akinung'unika kwamba mikono inatokwa jasho. Jagi likashuka msumarini moja kwa moja. Bwana Pillay alisema kuandika si kazi ya mtoto, kwa hiyo mzee akaandika mwenyewe, na mwandiko wake wa kuku ukajaa kwenye karatasi: 150, mara nyingine 155, mara nyingine 145, maana mkono wa kweli hauwezi kupata namba moja kila siku. Pipa lililokuwa likiisha kwa siku tisa likaanza kufika siku ya ishirini na mbili. Povu lililokuwa likielea kwenye mfereji wa nyuma kuelekea mikokoni likapungua, na baada ya miezi miwili hoteli haikurudisha shuka hata moja. Utani haukufa. Sevuloni bado aliita kwamba Ratu ana kiu, na mzee akajibu, "Ratu ana umri sasa, daktari amemkataza bamvua!"

Alasiri moja Torika alikuwa kwenye chumba cha chai na mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amepima dawa ya mzigo wa nne, akageuka kuvuta karatasi ausome mstari, kiwiko chake kikagonga jagi. Nusu ya dawa ikaingia kwenye mashine, nusu ikamwagika sakafuni. Waliimwagilia maji mengi, wakapangusa kwa kitambaa cha fimbo, glavu mikononi, hakuna aliyeumia. Lakini kalamu ya mzee ilibaki hewani.

"Andika mia na hamsini, mzee, nani atajua?" alisema Sevuloni. "Si ndiyo iliyokuwamo kwenye jagi?"

Mzee alimtazama mjukuu wake juu ya miwani.

"Wewe mjuzi wa karatasi. Niandike nini?"

Torika alifikiri.

"Unajua ni ngapi iliyoingia?"

"Sijui."

"Basi andika: hatukupima."

Mzee Kaminieli aliandika neno hilo polepole, herufi kwa herufi, likatoka nje ya chumba chake na kuingia cha pili. Sevuloni akaipeleka karatasi juu. Haikupita hata dakika kumi, Bwana Pillay akashuka ngazi, karatasi mkononi.

"Mzigo wa nne kuna nini?" aliuliza. Alipoelezwa, hakugomba. Alikagua sakafu, akasema mzigo ule ufuliwe upya, na jagi litafutiwe rafu yenye ukingo ili lisianguke tena. Jioni ileile Sevuloni alipigilia rafu.

Mzee Kaminieli alivua glavu, akazitundika, akaja kuketi na mjukuu wake.

"Umeona?" alisema. "Kwa mwezi mzima tuliandika namba nzuri, na hakuna aliyeshuka ngazi ile, na mwenzetu akaungua mikono. Leo tumeandika kwamba hatujui, na mtu ameshuka. Ukarimu tuwape watu, mjukuu wangu. Dawa ipewe kipimo. Na usichokipima, usikiandike, hata nikuambie mimi babu yako."